Nati ya Msumeno wa Isabirye

Mbale, Jumapili, saa kumi jioni

Mwanangu Samweli,

Habari za blanketi, sabuni na kutokula ovyo njiani mama yako amekwisha kukupa, na kesho atazirudia mpaka basi liondoke. Mimi sina la kuongeza huko. Yeye amekwenda Nkoma kwa dada yake, wewe uko kwa wajomba zako wanakuaga, nami nimebaki na meza peke yangu. Unajua mimi ni mtu wa darasa la nne, na mkono wangu umezoea tupa kuliko kalamu. Usicheke mwandiko. Soma mpaka mwisho leo hii kabla hujalala, kwa sababu haya siwezi kukuambia uso kwa uso. Nimejaribu mara tatu juma hili, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama viatu vinakubana.

Nina hasira. Mama yako anafikiri nimenuna kwa sababu unaondoka, naye amenipikia uji wa mtama kama mgonjwa. Sivyo. Hasira hii ilianza Ijumaa, pale dukani, nilipokukuta unawasimulia wenzako habari zangu. Ulisema, "Baba yangu aliacha kazi Jinja kwa ajili ya rafiki yake. Tajiri alimwonea rafiki yake, baba akavua aproni, akaitupa chini, akaondoka." Wakanitazama kama mtu mkubwa. Yule mzee anayeshona viatu akaja akanishika mkono: "Hongera, bwana. Watu kama wewe wamekwisha." Nami nikajibu, "Asante, mzee." 

Hadithi ile hukuitunga wewe. Niliitunga mimi, nikaitia kinywani mwako ukiwa mdogo, nawe umekua nayo. Kesho unakwenda Jinja kulala nyumbani kwa Isabirye, rafiki huyo huyo, na kula viazi alivyopika mke wake. Yeye ndiye aliyekuombea nafasi kwa Sardarji, mkuu wangu wa zamani, ujifunze kazi ya kukereza chuma. Utamwona mkono wake wa kulia umebaki na kidole gumba tu. Atakupa ule wa kushoto kukusalimia, na atakucheka ukishtuka. Siwezi kukuacha uingie katika nyumba ile na uongo wangu mdomoni mwako.

Basi sikiliza.

Wakati ule bwawa la umeme lilikuwa linajengwa pale Jinja, na mbao za kumwagia zege zilitakiwa kila siku. Karakana yetu ilikuwa na msumeno mmoja mkubwa wa duara, na Isabirye ndiye aliyekuwa mpasuaji. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kukereza chuma. Juu yangu alikuwa fundi mkuu, Kalasinga mmoja mzee, sote tukimwita Sardarji. Juu yetu sote alikuwa tajiri, mwenye karakana. Jina lake silitaji. Sikuwahi kumsikia akitaja langu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wawili, na nilikuwa "boi". Boi njoo, boi shika, boi wewe mjinga. Isabirye alikuwa akinong'ona nyuma ya tajiri, "Boi mwenye mvi!" tukacheka. Tulicheka, Samweli, lakini jioni ukifika nyumbani neno lile bado limekaa kifuani.

Msumeno ule ulishikwa kwenye shafti na nati moja, kubwa kama ngumi. Nati ya kawaida unaikaza kwa kuizungusha kulia. Ile ilikazwa kushoto, na haikuwa hivyo kwa urembo. Kwa namna msumeno ule ulivyozunguka, nati ya kushoto hujikaza yenyewe. Ukiweka ya kulia mahali pale, kila unapowasha mashine inalegea kidogo. Kidogo tu, huwezi kuona. Kumbuka hilo, maana habari yote iko hapo.

Siku moja nati ile ikapasuka, na nyuzi za mwisho wa shafti, ile mikato inayoshika nati, zikaliwa zote. Sardarji alikuwa amekwenda Kisumu kumwoza binti yake, na angekaa huko karibu juma tatu. Kuagiza shafti na nati mpya kungechukua miezi miwili. Tajiri akaja kwenye mashine yangu, jasho linamtoka.

"Wewe si ulikuwa fundi jeshini?"

"Ndiyo, bwana."

"Kila siku nasikia, jeshini hivi, jeshini vile. Haya. Tengeneza shafti, tengeneza nati. Unaweza, huwezi?"

"Naweza, bwana."

"Lini?"

"Kesho kutwa, bwana."

Hapo ndipo nilipoanza kumkata Isabirye vidole. Si siku ya ajali. Ni hapo, kwa neno moja, naweza.

Nikuambie kweli ya jeshini. Katika karakana ya jeshi nilifagia chuma kilichokatwa, nikashika taa, nikapaka mafuta. Mwaka wa mwisho sajenti alinifundisha kukereza pini na kukata uzi wa kawaida, ule wa kulia. Wa kushoto sikuwahi kuukata. Nilipokuja Uganda nikitafuta kazi nilijiita fundi wa jeshi, na watu wakaniita hivyo, na baada ya muda nikaanza kuamini. Ukiwa mbali na kwenu hakuna anayekujua ulivyokuwa, unaweza kuvaa jina lolote. Hili nimeliona kwa wengi, Wajaluo, Wasamia, sisi Wanyore, wote tuliovuka mpaka kutafuta kazi. Kila mmoja alikuwa mtu mkubwa huko alikotoka.

Na Sardarji alitaka kunifundisha. Hili ndilo linalonichoma. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa anakata uzi wa kushoto wa pampu fulani, akaniita: "Angatia, njoo. Gia zinapangwa namna nyingine hapa. Nikuonyeshe." Vijana wawili wa Kisoga walikuwa karibu wanatazama. Mimi nikasema, "Najua, Sardarji. Jeshini tulikata nyingi." Akanitazama juu ya miwani. "Unajua? Vizuri. Anayejua, vizuri." Akaendelea na kazi yake. Somo lenyewe lingechukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Siku ya kwanza nilijaribu kupanga gia zile peke yangu. Nikavunja kisu cha mashine, nikaharibu kipande kizuri cha chuma, nikakificha chini ya taka. Siku ya pili, saa nane, tajiri amesimama mlangoni na saa mkononi, nikakata uzi wa kulia. Kwenye shafti wa kulia, kwenye nati wa kulia. Vikaingiana vizuri sana, Samweli. Nati iliteleza kwenye shafti kama imepakwa samli. Iling'aa. Nikaipenda. Hata leo nikifumba macho naiona, na aibu yangu mojawapo ni kwamba bado naiona nzuri.

Karakana yetu ilikuwa na desturi moja. Anayetengeneza kipuri ndiye anayekata ubao wa kwanza, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wote. Wazee wa pale walisema mtu hawezi kudanganya mashine akiwa amesimama mbele yake. Basi nikasimama. Nikafunga nati, nikaweka na ya pili nyuma yake ili kuizuia, nikawasha, nikapasua ubao wa mvule futi sita. Ukakatika safi. Watu wakapiga makofi, hata tajiri akanisifu, "Shabash." Desturi ile ni nzuri na sitaicheka, lakini haikujua kwamba nati mbovu inaweza kusubiri. Mimi nilijua. Nilipasua ubao mmoja, nikamwachia Isabirye zilizobaki.

Yeye hakuwa mjinga. Asubuhi iliyofuata alikuja kwangu na spana, uso umekunjamana.

"Angatia, mbona hii inakazwa kulia? Ya zamani ilikuwa kushoto."

"Ndivyo tulivyofanya jeshini. Mtindo mpya."

"Haitalegea?"

"Ikaze kila asubuhi tu."

Akacheka. "Banange! Nati gani hii? Kama bibi harusi, kila asubuhi lazima abembelezwe." Akaenda zake akiimba wimbo wa kanisani.

Aliniuliza, mwanangu. Huwa najisemea kwamba hakujua, nami nilikuwa na haraka, na tajiri alikuwa ananisukuma. Lakini aliniuliza, waziwazi, kwa Kiswahili, na mimi nikamjibu uongo kwa sababu tajiri alikuwa amekwisha kusema "Shabash".

Siku kumi aliikaza. Siku ya kumi na moja lilikuja gogo la mvule lenye jiwe. Utajifunza hili huko uendako: mvule mwingine hujenga jiwe ndani yake, nje huoni kitu. Msumeno ukagonga, ukakwama. Akazima, akawasha. Ukakwama tena. Akazima, akawasha. Mara tano, mara sita, siku ile ile, kwa sababu lori lilikuwa linangoja nje na dereva anapiga honi. Nilisikia sauti ya msumeno ikibadilika. Niliisikia kabla yake, kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naisikiliza siku kumi na moja zote. Nilifungua mdomo. Mkanda ukaruka, msumeno ukatoka mahali pake, na sauti iliyofuata haikuwa ya mashine.

Yaliyobaki ya saa ile sitayaandika. Nilimfunga mkono kwa shati langu.

Sasa hasira. Siku ya tatu baada ya ajali akaja afisa mmoja kuandika habari ya ajali. Tajiri alikuwa amekwisha kutayarisha maneno. Mpasuaji alikuwa mlevi. Mlevi! Isabirye ni mlokole, Samweli. Kwenye harusi ya dada yake walimpa kibuyu cha bia akakiweka chini mbele ya ukoo mzima, wakamwita mwenye kiburi, akavumilia. Mtu huyo wakamwandika mlevi kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye muhuri, akiwa amelala hospitali hajui. Mpaka leo karatasi hiyo iko mahali fulani katika kabati, na mtu akiifungua atasoma kwamba aliponzwa na pombe. Nikifikiri hivyo meno yanasagana. Vidole walivichukua, hata jina lake wasimwachie?

Lakini ngoja. Afisa hakuandika tu na kwenda. Aliniita mimi. Nyapara akatafsiri.

"Wewe ndiye fundi wa mashine?"

"Ndiyo, bwana."

"Msumeno ulikuwa na kasoro yoyote?"

Nati ilikuwa pale sakafuni, chini ya unga wa mbao, hatua nne kutoka mguuni kwangu.

"Hapana, bwana."

Tajiri akanitazama kwa shukrani. Yule aliyeniita boi miaka minne, siku hiyo alinitazama kama mtu na mwenzake. Nimetukanwa kwa lugha nyingi, lakini sijapata kutukanwa kama kwa shukrani ile.

Sardarji alirudi juma lililofuata. Hakuuliza mtu. Alikwenda kwenye msumeno, akapiga magoti na kilemba chake safi cha harusi, akapekua unga wa mbao mpaka akaipata. Akaizungusha kwenye vidole vyake, akaja mpaka kwenye mashine yangu.

"Uzi wa kulia," akasema.

"Tajiri ndiye aliyetaka haraka, Sardarji."

"Tajiri hajui nati. Wewe unajua."

"Sikujua kukata wa kushoto."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno lile, sikujua, na lilikuwa limechelewa vidole vinne.

Kisha akaitia nati mfukoni mwake. "Mimi sitamwambia Isabirye," akasema. "Nati si yangu."

Mwezi ule ule akaacha kazi, akafungua karakana yake ndogo, akamchukua Isabirye kuwa mtunza stoo. Mimi sikuweza kukaa. Ndiyo, nilivua aproni. Ndiyo, niliitupa chini, watu wakaona. Nilikuwa namkimbia Isabirye ambaye alikuwa anatoka hospitali Jumatatu. Nikaja Mbale, nikapata kazi hii ya kubeba magunia ya kahawa, na tangu siku hiyo sijashika mashine. Ulipokuwa mdogo uliniuliza mbona fundi anabeba magunia. Ndipo nilipokutungia ile hadithi.

Na yeye pia ameiamini; anadhani aliponzwa na lile jiwe la mvule tu. Unakumbuka alipokuja hapa na jogoo mwekundu, ukamkimbiza uwanja mzima? Alikaa kwenye kiti hiki hiki ninachokalia, akasema, "Angatia, wote walikaa kimya wakala mshahara. Wewe peke yako uliondoka." Akalia. Nikamwacha alie. Nikamchinjia jogoo wake mwenyewe.

Sasa anataka kulipa wema ambao sikumtendea, na malipo yenyewe ni wewe. Sardarji naye amekukubali bila kuuliza swali. Sidhani kwamba amesahau. Nadhani miaka yote hii anangoja aone kama mwenye nati atajitokeza.

Sikuandikii ili umchukie tajiri. Hasira yangu juu yake ni ya haki, na nitakufa nayo, lakini nimegundua kitu: miaka yote nilipomlaani yeye, nililala usingizi mzuri. Ndivyo nilivyoitumia. Kila mtu anajua tajiri ni mbaya, basi mbaya wa pili hapati kutazamwa. Utakutana na wabaya wakubwa, Samweli, na wakati mwingine utafurahi kuwa wapo. Siku hiyo jitazame mikono.

Mwaka jana ulisimama imbalu mbele ya ukoo wa mama yako, kisu cha tohara kikapita na jicho lako halikupepesa. Wajomba walikubeba juu. Nilijivuna, na nikaogopa kidogo pia, kwa kuwa nami nilisimama hivyo hivyo kwetu Bunyore, sikutikisika, watu wakashangilia. Kisha mzee mmoja mwenye miwani akaniambia njoo nikuonyeshe, na vijana wawili wanatazama, nikashindwa. Sijui nikuambie nini juu ya hilo. Ujasiri wa aina ya kwanza tunafundishwa tangu tunanyonya. Wa pili hakuna anayetupigia ngoma.

Kuna jambo la mwisho, na hili limebadilika nikiwa naandika. Nilipoanza, kulikuwa na karatasi nyingine hapa mezani, nimeikunja, nimeandika juu yake jina la Isabirye. Nilikusudia uichukue wewe, umpe mkononi kesho ukifika. Nimeiandika vizuri, nimekiri kila kitu. Lakini nimekuwa nikiitazama tangu nilipofika mahali pa ubao wa kwanza, na nimejiuliza ni nani atakayesimama mbele ya Isabirye anapoifungua. Ni wewe. Nimetengeneza tena kitu, nikatafuta mtu mwingine wa kukishika. Nimeichana.

Nitakwenda mwenyewe. Nimetoka sasa hivi mpaka stendi na kurudi, ndiyo maana wino hapa umebadilika, huu nimeazima. Kondakta ametuwekea nafasi mbili, moja mbele na moja nyuma kabisa, za pamoja hazikuwepo. Kaa unapotaka. Kama hutaki kusema nami njia nzima, mpaka Tororo, mpaka Iganga, sitakulaumu, na mama yako akiuliza nitamwambia ni usingizi wa asubuhi. Nyapara wa kahawa nimemkuta njiani, amesema nisipofika kazini kesho nisirudi. Nimemwambia sawa.

Tukifika Jinja, nitatangulia mimi kuingia kwa Isabirye. Wewe ungoje nje barabarani na mzigo wako. Usikaribie mlango, usisikilize. Kama akitoka yeye kukuita, ingia, umsalimie kwa adabu, ukae nyumbani mwake kama mtoto wake, na umtumikie kwa yote. Kama nikitoka mimi, beba mzigo wako, tutarudi stendi, wala usiniulize amesema nini. Atakuwa amesema kweli.

Mimi baba yako,
Elija Angatia